Jina Lake Halikufahamika Mara Moja

Habari yenyewe ilikuwa na mistari saba, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mnada. Ilisema kwamba kijana mmoja anayedhaniwa kuwa kibaka, ambaye jina lake halikuweza kufahamika mara moja, ameuawa na wananchi wenye hasira kali baada ya kudaiwa kupora simu. Mkuu wa polisi wa eneo lile alithibitisha kutokea kwa tukio hilo, na akawaasa wananchi waache tabia ya kujichukulia sheria mkononi. Basi. Habari imekwisha.

Ndugu msomaji, kijana huyo nilikuwa namfahamu. Mtaa mzima ulikuwa unamfahamu. Alikuwa anasukuma mkokoteni wa maji, na kila mwenye ndoo tupu alimwita kwa jina lake, tena wengine kwa kelele kutoka dirishani kabla hata hawajanawa uso. Wapo wanaosema siku ile alipora kweli. Wapo wanaosema alifananishwa. Hakuna mahakama iliyowasikiliza hawa wala wale. Lakini jina lake lilikuwa linafahamika, tena mara moja, kwa yeyote ambaye angeuliza.

Hapa mimi pia silitaji, kwa sababu mama yake ameniomba hivyo. Ila naomba tuelewane: kulihifadhi jina la mtu ni kitu kimoja, na kutolitafuta ni kitu kingine kabisa.

Tangu siku ile nimekuwa nasoma magazeti kwa namna nyingine, na ndiyo namna ninayotaka kuieleza hapa. Sekondari tulifundishwa uhakiki. Tuliambiwa tutafute fani na maudhui, tuseme huyu ni mhusika duara na yule ni mhusika bapa, tueleze mandhari, tuchambue matumizi ya lugha. Nilimaliza shule nikiwa naweza kukupasulia riwaya nzima kama samaki, mifupa huku na nyama huku. Lakini hakuna siku tulipoambiwa: haya, chukueni gazeti la jana, mlifanyie vile vile. Kana kwamba riwaya imetungwa na mtu, lakini habari imeota yenyewe kama uyoga.

Habari haioti. Inatungwa. Sisemi kwamba ni ya uongo. Nasema kuna mtu amechagua nani aitwe kwa jina, nani aulizwe, na nani afanye kitendo katika sentensi.

KIBAKA NI MHUSIKA BAPA

Tuanze na maneno, maana ndiyo mali yetu sisi tunaotaka kuandika.

"Anayedhaniwa." Nani anadhani? Kiswahili kimetupa kauli ya kutendwa, na ni kauli nzuri sana pale ambapo mtendaji hajulikani au hana umuhimu. Hapa mtendaji ana umuhimu wote duniani. Kuna mtu amedhani, na kwa sababu ya kudhani kwake mtu mwingine amekufa. Neno hili kwa asili liliwekwa ili limlinde mtuhumiwa. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba analo. Mwandishi wa habari anajua hivyo, ndiyo maana anaandika "anayedhaniwa". Lakini mtu akishakufa, neno hilo linamlinda nani? Linalilinda gazeti.

"Kibaka." Jina la mtu halimo, lakini jina la kazi limo. Ukishasoma kibaka, hutaki tena kujua ana miaka mingapi, anakaa wapi, jana yake alikula nini. Umeshamjua. Huyu ndiye yule mhusika bapa tuliyemsoma darasani: anaingia, anafanya jambo moja, anatoka. Katika hadithi ya mistari saba kazi yake ni moja tu, kufa.

"Wananchi." Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Mwananchi ni neno la heshima. Tumelirithi kutoka siasa za uhuru: ni mwana wa nchi, mwenye haki zake na sauti yake. Sasa angalia sentensi inavyogawa watu. Waliopiga ni wananchi. Aliyepigwa ni kibaka. Kwa hiyo aliyepigwa si mwananchi. Hakuna aliyelitamka hilo wazi, na hakuna mhariri aliyelipanga, lakini sarufi imeshalipitisha. Mtu alizaliwa hapa, kadi ya kliniki mama yake anayo mpaka leo, na sentensi moja imemvua uraia kabla hajazikwa.

"Wenye hasira kali." Je, umewahi kusoma habari ya wananchi wenye hasira ya wastani? Hasira hii ni kali siku zote, katika kila mkoa, kila mwaka. Inakuja kama mvua: haina mwanzo, haina mwenyewe. Aliyeleta petroli hakuletwa na hasira, alikwenda kuinunua au kuinyonya kwenye tangi la pikipiki, na hiyo inachukua dakika kadhaa. Dakika hizo habari haizitaji.

Na mwisho, "kujichukulia sheria mkononi". Msemo huu umezoeleka mpaka hatusikii tena unasema nini. Unasema kwamba kilichochukuliwa ni sheria. Lakini hakuna sheria ya nchi hii inayosema aliyepora simu avishwe tairi. Kilichotokea kina jina katika Kanuni ya Adhabu, nalo ni mauaji. Mume akimuua mkewe, gazeti hilo hilo linaandika mauaji ya kikatili, tena kwa herufi kubwa. Watu 40 wakimuua mtu mmoja, linaandika tabia. "Waache tabia hiyo", kama vile kutema mate hovyo.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikihesabu vifo vya namna hii katika taarifa zake, na katika miaka ya kati ya 2010 na 2020 kilitaja mamia ya vifo kwa mwaka. Mamia. Ungekuwa ugonjwa tungefunga shule. Lakini habari zake zinatufikia moja moja, mistari saba saba, kila moja na kibaka wake asiye na jina, na hatuwezi kuziunganisha.

NANI ANA NENO LA KWANZA?

Maneno peke yake hayatoshi. Swali linalofuata ni hili: kwa nini waandishi wengi wasiofahamiana, wa magazeti tofauti, wanaandika sentensi moja? Hapo ndipo nadharia inaposaidia.

Stuart Hall alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1932, akaenda kusoma Uingereza, na baadaye akaongoza kituo cha kuchunguza utamaduni katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Mwaka 1978 yeye na wenzake wanne walichapisha kitabu kinachoitwa Policing the Crisis. Walianza na jambo dogo. Mwezi Agosti 1972 mzee mmoja alichomwa kisu akafa karibu na stesheni ya Waterloo, London. Polisi mmoja akatumia neno lililotoka Marekani, "mugging", ambalo sisi mtaani tungeliita ukabaji, au roba. Magazeti yakalidaka. Kukabana njiani lilikuwa kosa la siku nyingi Uingereza, lakini jina jipya lililifanya lionekane ni gonjwa jipya lililovuka bahari. Mwezi Machi 1973 kijana wa miaka 16 wa Handsworth, Birmingham, alihukumiwa miaka 20. Yeye na wenzake wawili walikuwa wamempiga mtu wakamuumiza vibaya, wakaondoka na peni 30, funguo na sigara tano.

Hall na wenzake hawakusema kwamba waandishi walikaa chumbani wakala njama. Walisema jambo la kawaida zaidi, na kwa maoni yangu la kutisha zaidi. Mwandishi anakimbizana na muda. Anatakiwa asitoe maoni yake, bali anukuu watu wanaoaminika. Sasa watu wanaoaminika ni nani, na wanapatikana kwa simu saa kumi jioni? Polisi, hakimu, waziri. Kwa hiyo wakubwa hao ndio wanaopata neno la kwanza la kusema tukio hili ni tukio la aina gani. Wengine wote wakija baadaye, hata wakija kupinga, wanapinga ndani ya uwanja uliokwisha kuchorwa. Wakubwa wanaulizwa, "Mnapambana vipi na ukabaji?" Mama wa kijana, kama ataulizwa chochote, anaulizwa, "Kwa nini mwanao amekuwa mkabaji?"

Mama wa mtaani kwetu hakuulizwa hata hilo. Nilipokwenda kumsalimia baada ya matanga aliniambia, "Mwanangu, nimesomewa gazeti. Eti jina lake halijulikani. Kwani waliniuliza?"

Lakini nadharia nayo usiivae kama koti la mtumba bila kupima mikono. Birmingham si Dar es Salaam. Kule hofu iliyopikwa magazetini ilikwenda mahakamani, ikatoka imekuwa kifungo kirefu. Kwetu hukumu inatolewa barabarani, kabla hata mwandishi hajapanda daladala. Kwa hiyo mwenye neno la kwanza kwetu si kamanda wa polisi. Ni yule mtu mmoja, ambaye hajawahi kutajwa na gazeti lolote, anayepiga kelele: "Mwizi!" Yeye ndiye anayeamua hadithi hii itakuwa hadithi gani. Umati unaamini, kamanda anathibitisha, gazeti linachapa. Ile "anayedhaniwa" ya gazeti ni mwangwi wa kelele hiyo, umesafishwa na kuvalishwa tai.

Angalia pia habari inavyofungwa. Ngano inaishia na funzo, habari hii inaishia na kamanda. Akishawaasa wananchi, msomaji anajua mambo yamekwisha. Haulizwi mtu mwingine: amekamatwa nani? Ameshtakiwa nani?

BOTI MOJA IKAWA BOTI NYINGI

Mtaalamu wa pili ni Stanley Cohen, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1942. Yeye alichunguza vijana wa Kiingereza waliogombana kwenye mji wa pwani wa Clacton, sikukuu ya Pasaka ya 1964. Kitabu chake kilitoka mwaka 1972. Alikaa na magazeti na kuyalinganisha na yale yaliyotokea, akakuta, pamoja na mengine, hila ndogo ya sarufi: wingi. Boti moja imepinduliwa, gazeti linasema boti zilipinduliwa. Kisha kila kijana mwenye nywele za namna ile akawa ni mmoja wao. Polisi wakakaa macho, watu wakakaa macho, na ukikaa macho kutafuta shetani humkosi.

Sasa turudi Dar es Salaam, jioni ya Ijumaa, Januari 2, 2015. Wanaokumbuka wanakumbuka. Ilivuma kwamba Panya Road wanakuja. Maduka yakafungwa, baa zikafungwa, watu wakakimbia bila kujua wanamkimbia nani. Kila mtaa uliambiwa wako mtaa wa pili. Polisi wenyewe walieleza baadaye kwamba chanzo kilikuwa kundi la vijana waliotoka kumzika mwenzao, na lililobaki lilikuwa uvumi. Na huyo mwenzao alikufaje? Aliuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi.

Soma tena sentensi hiyo taratibu. Usiku ule wa hofu ulianzia kaburini kwa mmoja wa vijana wetu wa mistari saba. Habari mbili ambazo magazeti yalizoea kuziweka mbali mbali, moja ya kibaka asiye na jina na nyingine ya genge la kutisha, zilikuwa habari moja. Msako uliofuata ulizoa mamia ya vijana. Kama ulikuwa kijana wa uswahilini wiki ile, umesimama na wenzako watatu kijiweni, tayari ulikuwa "kundi".

Jina lenyewe nalo lina kazi. Kabla yake magazeti yaliandika sana Mbwa Mwitu. Panya, mbwa mwitu. Hata kama vijana wenyewe ndio waliojipachika majina hayo kwa kujigamba, gazeti likiyachapa kila siku linakuwa limekubali kwamba tunazungumza juu ya wanyama, na kila mtu anajua panya anafanywa nini. Septemba 2022 jina hilo lilirudi. Polisi walitangaza kwamba wamewaua watuhumiwa katika kile walichokieleza kuwa ni majibizano ya risasi, na wengi tulisoma tukashusha pumzi. Mimi pia nilishusha. Sitaki kujifanya malaika.

LAKINI WIZI UPO

Najua mshikaji mmoja atasema: wewe hujaporwa, ukiporwa utaacha falsafa. Nimeporwa, bwana, mara mbili, na mara ya pili kwa kisu. Mwaka ule wa 2022 watu walivamiwa usiku majumbani mwao na vijana wenye mapanga, na maisha yalipotea. Mama anayeuza vitumbua akiporwa mtaji wake, ameporwa ada ya mtoto. Nadharia ikikufikisha mahali pa kusema wizi ni uzushi wa magazeti, itupe. Hall hakusema hivyo, Cohen hakusema hivyo. Walichosema ni kwamba namna jambo linavyosimuliwa inaamua tutalifanyia nini. Ukisimulia wizi kwa lugha ya panya, jibu ni sumu. Ukisimulia kwa lugha ya kijana fulani, mwana wa fulani, aliyeacha shule mwaka fulani, utalazimika kutafuta jibu jingine, na huenda ndani yake kifungo kimo. Lakini tairi halimo.

Wala sina ugomvi na waandishi wa mikoani na mitaani wanaolipwa kwa habari moja moja, na nauli ni yao. Mtu wa namna hiyo atamtafuta mama wa marehemu kwa nauli ya nani? Ile sentensi tayari ipo kichwani, imeshanyooka, haina gharama. Hapo utaona kwamba jina kutofahamika mara moja si uvivu wa mtu mmoja. Ni hesabu ya fedha.

Na msomaji si debe tupu la kumiminiwa kila kitu. Hall aliandika mwaka 1973 kwamba mtu anaweza kuupokea ujumbe kama ulivyotumwa, anaweza kuukubali nusu na kuukataa nusu, na anaweza kuukataa kabisa. Ukitaka kuyaona hayo nenda kasimame kwenye meza ya magazeti asubuhi, pale watu wanaposoma vichwa vya habari bila kununua. Mmoja atasema, "Safi sana, wauawe wote." Wa pili atasema, "Wezi wauawe, lakini huyu dogo wa kwetu walimwonea." Wa tatu atanyamaza, aondoke. Huyo wa pili ndiye ninayemtazama kwa matumaini. Yeye anamjua mtu mmoja kwa jina, na jina hilo moja limemharibia sentensi nzima.

NA SISI JE?

Nafika kwenye neno lililonifanya niandike. Sisi wa kurasa hizi, tunaojiita waandishi chipukizi, Kiswahili chetu cha kuandika tumekipata wapi? Darasani kidogo, vitabuni kidogo, magazetini sana. Na tumebeba mpaka takataka zake. Hadithi yangu ya kwanza, ambayo nashukuru haikuchapwa, ilikuwa na mwizi. Alikuwa na macho mekundu na kovu shavuni. Hakuwa na mama. Ukurasa wa nne aliuawa, na niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: "na wananchi wenye hasira kali". Nilikuwa natunga! Hakuna mhariri aliyenihimiza, hakuna kamanda aliyenipigia simu. Nilikuwa na daftari tupu na uhuru wote, na bado nikaandika mistari saba ya gazeti.

Nimepekua hadithi za wenzangu pia, na sitataja mtu. Makahaba wetu hawana majina. Wahuni wetu wote wana sauti ya kukwaruza. Wasichana wa kazi wanaingia na chai na kutoka. Tunalalamika kwamba wakubwa hawatuoni sisi vijana wa uswahilini, halafu na sisi tukishika kalamu tunawatazama wenzetu kwa miwani ile ile.

Kwa hiyo napendekeza zoezi, badala ya hotuba. Kila mmoja wetu achukue habari moja fupi ya mauaji, aulize maswali manne. Nani ana jina na nani hana? Nani amenukuliwa, na nani alikuwepo lakini hakuulizwa? Kitenzi cha kuua kina mtendaji, au kimeachwa kinaning'inia? Na mtu wa kwanza kupiga kelele alikuwa nani? Kisha achukue hadithi yake mwenyewe aliyoiandika mwezi uliopita, aulize maswali hayo hayo manne. Nakuhakikishia la pili litakuuma zaidi ya la kwanza.

Ile hadithi yangu nimeianza upya. Sasa mwizi ana jina, ana mkokoteni, na kuna dirisha ambalo mtu analifungua alfajiri na kumwita. Bado sijafika kwenye kifo. Kila nikikaribia nagundua kwamba wale watu 40 nao inabidi niwape majina, na baadhi yao ni majirani zangu, watu ninaowaamkia shikamoo kila asubuhi. Hapo kalamu inakuwa nzito.

Anayepinga apinge. Kurasa ziko wazi.